Kijana na Somo Yake

Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, juu ya afya ya moyo na akili ya vijana wetu



Halmashauri ilinitaka niseme juu ya afya ya vijana. Habari za malaria na za maji machafu wenzangu wamekwisha kuzieleza vizuri katika mikutano iliyopita. Kwa hivyo nimeona ni afadhali niseme juu ya afya isiyoonekana kwa macho, yaani afya ya moyo na akili ya mtoto aliyetoka utotoni na ambaye bado hajafika utu uzima.

Bibi Mweka Hazina ametusomea hesabu ya mwaka. Sote tumesikia ya kuwa fungu kubwa la kwanza ni la mazishi, na la pili ni karo za watoto wa shule. Hayo ni matumizi mema, wala sikusimama hapa kuyalaumu. Lakini nilipokuwa nikisikiliza nilijiuliza, kati ya fungu hili na lile kuna nini? Tunamlipia mtoto karo, kisha hatumwulizi neno hadi afaulu au afukuzwe. Na tunamlipia mtu mazishi, ambaye pengine kwa miaka mingi alikuwa akiumia ndani na hapakuwa na mtu aliyemjulia hali.

Neno langu ni moja, nami nitalirudia kabla ya kuketi. Karo peke yake haimlei kijana. Kijana ahitaji mtu mzima mmoja, asiye baba wala mama yake, ambaye aweza kumweleza lililo moyoni bila ya kuogopa. Wazee wetu walilijua jambo hili na wakaliwekea desturi. Sisi tumeiacha desturi ile ipotee, wala hatukuweka kitu mahali pake.

Afya ya akili ni nini

Mtu akitaja maradhi ya akili, wengi wetu huona mbele ya macho yetu mtu aliyevaa matambara akisema peke yake sokoni. Huo ni ugonjwa mmoja tu, nao huwapata wachache. Afya ya akili ni jambo pana kuliko hilo. Ni uwezo wa mtu kuyachukua mazito ya kila siku, kulala na kuamka, kujifunza, kufanya kazi yake, na kukaa na wenzake kwa amani. Kama vile mwili uwezavyo kuwa na homa ndogo au homa kubwa, moyo nao huweza kulemewa kidogo au kulemewa sana.

Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria ya kuwa katika kila vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Hesabu hiyo ni ya dunia nzima. Basi mkitazama watoto wetu wakicheza mpira uwanjani, timu mbili za watu kumi na mmoja, yafaa mkumbuke hesabu hiyo. Na maradhi mengi ya namna hii tuyaonayo kwa watu wazima yalianza katika umri huo, yakanyamaza, yakakua pamoja na mwenyewe.

Kwa nini umri huu? Wataalamu wa ubongo wameonyesha ya kuwa sehemu ziamshazo hasira, hofu, furaha na tamaa huchangamka mapema, lakini sehemu ya mbele, ile impayo mtu kujizuia na kupima jambo kabla ya kulitenda, huendelea kujengeka hadi mtu anapokaribia miaka 25. Kijana ni kama jahazi lililokwisha kutwekwa tanga na huku usukani wake ungali ukichongwa. Jahazi la namna hiyo halifai kupigwa wala kutukanwa. Lafaa kukaa karibu na nahodha aijuaye bahari.

Najua wako watakaosema, "Huo ni ugonjwa wa Wazungu. Mwafrika hana nafasi ya kuugua moyo." Naomba niwakumbushe neno hilo lilisemwa na nani kabla yetu. Daktari J. C. Carothers, aliyesimamia Hospitali ya Mathari kule Nairobi kuanzia mwaka 1938 hadi mwaka 1950, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka 1953. Humo alidai ya kuwa ugonjwa wa huzuni nzito ni nadra kwa Waafrika, maana aliudhania ubongo wetu kuwa na upungufu. Madaktari waliokuja baadaye, na miongoni mwao Mwafrika mashuhuri, Daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, walionyesha makosa ya fikira hiyo. Basi ni ajabu, wazee wangu, ya kuwa tulilikataa tusi lile lilipotoka kinywani mwa mgeni, na leo twawarithisha watoto wetu kwa vinywa vyetu wenyewe.

Wengine watasema, "Sisi tulipigwa, tukalala na njaa, tukaenda shule bila viatu, na hatukuugua." Nawajibu kwa heshima: wako waliougua. Tuliwaita walevi, tukawaita wavivu, tukawaita watu wenye laana. Na sisi tuliosalimika, aghalabu tulikuwa na kitu ambacho watoto wa leo hawana. Kitu hicho ndicho nitakachokieleza sasa.

Desturi tuliyoiacha

Hapa ukumbini tumo watu wa makabila mbalimbali, na kila mmoja wetu akikumbuka vizuri ataona ya kuwa nasema habari za kwao. Hapa Pwani msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa somo yake. Leo mtoto wa shule akisikia neno "somo" hufikiri hesabu au jiografia; lakini somo wa wakati ule alikuwa mtu, mwanamke mzima aliyemfunza binti mambo ya mwili na ya moyo, akamtunzia siri zake, na akaendelea kuwa mshauri wake hata baada ya kuolewa. Kwa Wajaluo wasichana walilala katika nyumba iliyoitwa siwindhe, chini ya uangalizi wa bibi kizee aliyeitwa pim. Kwa Wakikuyu kijana aliyeingia jandoni alipewa mutiiri wa kumshika mkono. Kwa Wakalenjin alikuwako motiriot, mwalimu wa vijana walipokuwa wametengwa.

Majina ni mengi, lakini hekima ni moja. Wazee waliona ya kuwa kuna mambo ambayo mtoto hawezi kumwambia baba yake wala mama yake, si kwa ubaya bali kwa haya na kwa hofu ya kuwahuzunisha. Basi wakamwekea mlango mwingine.

Sisemi turudishe kila kitu cha zamani. Ukeketaji wa wasichana umekatazwa na sheria ya mwaka 2011, na ni haki ukatazwe. Mafundisho mengine yalikuwa ya kutisha watoto bila ya faida. Lakini tulipoliacha lile baya, tuliliacha na jema pamoja. Tukampeleka mtoto shule ya bweni. Bibi akabaki shamba. Sisi tukaja mjini kutafuta riziki. Mtoto sasa ana walimu kumi, naye hana somo hata mmoja.

Habari ya mwanafunzi mmoja

Yanipasa nieleze jambo moja la maisha yangu mwenyewe, ingawa si la kujisifu. Mwaka 1996 nilikuwa nikifundisha kidato cha pili. Katika darasa langu alikuwamo mvulana aliyekuwa na desturi ya kusinzia. Nilimwonya mara mbili. Mara ya tatu nilimwita mbele nikamchapa viboko vinne. Wakati huo viboko vilikuwa jambo la kawaida; vilikatazwa mashuleni mwaka 2001. Sikumwuliza neno. Niliona nimetimiza wajibu wangu.

Miaka mingi ikapita. Siku moja tulikutana mazishini, naye akiwa mtu mzima mwenye watoto. Alinisalimu kwa adabu, tukakaa chini ya mwembe, akaniambia, "Mwalimu, mama yangu alikuwa amefariki wakati wa likizo. Niliporudi shule sikuwa nikipata usingizi usiku, ndiyo maana nilisinzia mchana. Wiki ile uliponichapa nilikuwa nimekwisha kuiaga dunia moyoni mwangu. Kama ungaliniuliza swali moja tu, ningalikuambia yote."

Nikamwuliza, "Ni nani basi aliyekuokoa?" Akasema ni mpishi wa shule. Mzee yule alimwona harudishi sahani tupu. Akamwambia, "Mwanangu, mbona huli?" Hakumpa hotuba. Alimwacha aje kukaa karibu na jiko kila jioni, akichambua maharagwe, hata siku moja mtoto akalia, na baada ya kulia akasema. Mpishi akaenda na habari kwa mwalimu mkuu, na mjomba wa mtoto akaitwa.

Mabibi na mabwana, mimi nilikuwa na cheti cha ualimu na yule mzee hakuwa nacho. Lakini yeye ndiye aliyekuwa somo ya mtoto yule. Mwenye habari hii ameniruhusu niisimulie, ila nisilitaje jina lake.

Mambo yanayojenga moyo wa kijana

Watu huuliza, "Je, afya ya moyo hujengwa?" Ndiyo, hujengwa, kama nyumba; na mawe ya msingi ni haya manne.

La kwanza ni usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji kulala muda wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Isitoshe, katika umri huu mwili wenyewe huchelewesha usingizi, hata kijana akawa hasinzii mapema kama mtoto mdogo wala kama mzee. Mtoto alalaye saa nne u nusu usiku na kuamshwa saa kumi alfajiri amelala muda wa saa tano u nusu tu. Mtoto mwingine yuko nyumbani, lakini simu i chini ya mto wake hadi usiku wa manane. Wote wawili hawana tofauti: asubuhi hukasirika upesi, husahau waliyosoma, na jambo dogo huwaonekea kubwa. Kabla hamjamwita mtoto mkaidi, mwulizeni alilala saa ngapi. Na simu za nyumbani, za watoto na za wazazi pia, zilale sebuleni.

La pili ni kuyajua majina ya mambo ya moyoni. Lugha yetu haina umaskini katika jambo hili. Tuna huzuni, na tuna majonzi ya msiba, na simanzi ikaayo bila sauti. Tuna hofu, na wasiwasi, na wahaka. Tuna hasira, na hamaki ipandayo na kushuka mara moja, na kinyongo kikaacho moyoni mwaka mzima. Tuna haya iliyo pambo la mtu, na fedheha iliyo kidonda. Lakini mwulize kijana hali yake, atakujibu "niko poa" hata kama nyumba yaungua. Si kosa lake. Hajasikia sisi wakubwa tukiyataja haya. Baba akirudi nyumbani amekasirishwa kazini, hupiga mlango kwa kishindo. Afadhali aseme, "Leo nimefedheheshwa mbele ya watu, niacheni nipumzike kidogo." Mtoto akisikia hivyo hujifunza mambo mawili: ya kuwa hata mtu mzima huumia, na ya kuwa maumivu husemwa, hayatupiwi watu.

La tatu ni kazi yenye manufaa kwa wengine, pamoja na mchezo. Kijana akijua ya kuwa kuna mtu amtegemeaye huona ya kuwa maisha yake yana uzito. Mpeni kazi ya kweli: amsomee bibi maandishi ya dawa, afundishe wadogo hesabu, apande miti ya Chama, aandike majina ya wanachama mkutanoni. Wala msimnyime mpira na ngoma kwa sababu ya mitihani. Mwili ukitoka jasho, moyo nao hupata nafuu. Jambo hili madaktari wamelithibitisha.

La nne ni kupendwa bila ya kupimwa kwa alama. Mtihani wa darasa la nane ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini desturi ya kumpima mtoto kwa alama zake haikuondoka pamoja nao. Matokeo yakitoka, twauliza "umepata ngapi?" kabla ya "hujambo?" Kisha twamtaja mtoto wa jirani. Mtoto alinganishwaye kila siku na mwenzake hujifunza kuamini ya kuwa mapenzi ya nyumbani ni mshahara, na ya kuwa siku atakaposhindwa mshahara utakatwa. Adabu ni lazima, na kazi ya shule ni lazima; lakini mtoto ajue ya kuwa hata akianguka, mlango wa nyumbani haufungwi.

Dalili za hatari

Kila kijana hununa siku moja moja, na hilo si ugonjwa. Bali mkiona mabadiliko yamekaa zaidi ya wiki mbili, msingoje. Dalili zenyewe ni kama hizi: kijana ajitenga na rafiki zake, ameacha mchezo aliokuwa akiupenda, usingizi umekatika au umezidi, hali, au ala kupita kiasi, alama zimeshuka ghafula, alalamikia kichwa na tumbo kila siku na daktari haoni kitu, ameanza pombe, bangi au muguka. Tena kumbukeni ya kuwa kwa vijana huzuni mara nyingi haiji na machozi. Huja imevaa nguo ya hasira. Mtoto agombanaye na kila mtu huenda akawa ndiye aliaye zaidi.

Na kama asema "afadhali nisingalizaliwa", au agawa vitu vyake avipendavyo, au aaga watu pasipo safari, hiyo ni hatari kubwa. Hapo mwulizeni waziwazi, kwa sauti ya upole, "Je, umefikiri kujiua?" Wengi huogopa ya kuwa swali hilo litampa mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. La hasha! Wataalamu wamelichunguza jambo hili, wakaona ya kuwa kuuliza hakupandi mbegu hiyo. Bali humpunguzia mtu mzigo, kwa kuwa sasa hayuko peke yake nao. Akijibu ndiyo, msimwache peke yake hata kidogo. Dawa za shamba, vidonge na kila chombo cha hatari viwekwe mbali na vifungiwe. Kisha mpelekeni hospitali siku ile ile, kama ambavyo mngalimpeleka aliyeumwa na nyoka. Tena iko simu ya bure ya watoto, nambari 116, ambayo mtoto au mzazi aweza kuipiga mahali popote katika Kenya.

Zamani watu waliogopa kwenda hospitali na mtoto wa namna hiyo, maana kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mtu aliokolewa kutoka kifoni, kisha akafikishwa mbele ya hakimu. Tarehe 9 Januari mwaka 2025 Mahakama Kuu iliamua ya kuwa kifungu hicho kinapingana na Katiba. Kwa hivyo hofu hiyo isiwe sababu ya kumficha mtoto. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Na kwa ndugu zangu wa dini zote nasema, sala na dawa hazigombani. Mwombeeni mtoto, na mumpeleke kwa daktari. Sijapata kuona mtu aliyeacha kufunga mguu uliovunjika kwa sababu ameuombea.

Mambo haya yawezekana

Huenda mkadhani ya kuwa kazi hii ni ya madaktari peke yao. Lakini madaktari wa akili ni wachache mno katika nchi zetu, na kwa hiyo Waafrika wenzetu wamejaribu njia nyingine. Huko Zimbabwe, mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda alianza kazi na akina bibi 14 katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Akawafunza kusikiliza, na kumsaidia mtu kulichambua tatizo moja moja hadi apate njia. Waliketi na wagonjwa kwenye bao za kukalia nje ya zahanati. Wenyeji huita ugonjwa wenyewe kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2016, ilionekana ya kuwa watu waliosaidiwa na akina bibi wale walipata nafuu kubwa kuliko waliopata matibabu ya kawaida ya zahanati.

Na hapa kwetu Kenya liko shirika la Shamiri, ambalo limewatumia vijana waliomaliza shule juzijuzi kuwaongoza wanafunzi wa sekondari katika vikundi, saa moja kwa wiki, kwa wiki nne. Huzungumza habari za mtu kuweza kubadilika na kukua, za kushukuru, na za mambo ambayo kila mmoja ayathamini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha ya kuwa huzuni na wasiwasi wa wanafunzi hao vilipungua. Hawakuwa madaktari, wala wale akina bibi hawakuwa madaktari. Walifunzwa, wakapewa watu wa kuwaangalia, na wakawa waaminifu katika kazi yao.

Shauri langu kwa Chama

Bwana Mwenyekiti, naomba sasa niweke mbele ya mkutano huu mashauri matatu, ili yajadiliwe na kupigiwa kura.

Kwanza, kila mtoto ambaye Chama kinamlipia karo apewe somo katika wanachama, mwanamke kwa msichana na mwanamume kwa mvulana. Mtoto mwenyewe amchague, sisi tusimchagulie, maana siri haiendi kwa mtu wa kupangiwa. Somo amwone mtoto angalau mara moja katika kila likizo, na ampigie simu au ampelekee salamu katikati ya muhula. Wakutane mahali pa wazi, mzazi akijua, na Halmashauri iwe na majina yao; kwa kuwa wako watu waovu wanaoitafuta nafasi ya kuwa karibu na watoto, wala hatutaki Chama kiwafungulie mlango.

Pili, walio tayari kuifanya kazi hii wafunzwe kwanza. Mganga wa akili au mshauri kutoka hospitali ya kaunti aalikwe atufundishe siku mbili. Na tangu mwanzo kila somo ashike sheria hii: asemayo mtoto ni siri, ila mambo matatu hayafichwi. Kama mtoto ataka kujiua, kama kuna mtu amdhuruye, au kama ataka kumdhuru mtu mwingine, somo humwambia mtoto waziwazi, "Neno hili siwezi kulibeba peke yangu, twende pamoja kwa wawezao kutusaidia."

Tatu, katika hesabu ya mwaka ujao litengwe fungu dogo kwa nauli na matibabu ya kijana aliyelemewa na moyo. Sisemi lilingane na fungu la mazishi. Nasema tu liwepo, ili watoto wetu waone katika hesabu zetu zilizochapishwa ya kuwa Chama hiki hakingojei mtu afe ndipo kimtolee fedha.

Huenda mzee mmoja akasema moyoni, "Mimi sikusoma, nitamshauri nini kijana wa sekondari?" Namjibu ya kuwa mpishi yule naye hakusoma. Hakujua majina ya maradhi. Alijua kutazama sahani, na alijua kuuliza, na baada ya kuuliza alijua kunyamaza akasikiliza. Hayo matatu hayahitaji cheti.

Mkono mmoja haulei mwana. Tumekuwa tukiutamka usemi huo katika kila harambee, tukimaanisha mkono utoao fedha. Leo naomba tuumaanishe na mkono ushikao mkono wa mtoto. Karo peke yake haimlei kijana.

Mimi mwenyewe naliandika jina langu la kwanza katika orodha ya watakaofunzwa. Nina deni la tangu mwaka 1996, nami nataka kulilipa kabla sijafungwa sanda. Karatasi iko mezani kwa Bwana Katibu. Nitafurahi nikiona, tutakapotoka kwenda kunywa chai, ya kuwa jina langu haliko peke yake.